Kopo la Mikia

Mkasi wenye mpini wa buluu uko kwenye droo ya pili upande wa kushoto, chini ya bahasha. Msikatie kamba za maboksi, unapoteza makali. Kiti changu kina gurudumu moja lililochoka, kwa hiyo mkikaa egemeeni upande wa dirisha. Mengine mtayajua wenyewe, isipokuwa habari ya kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Hiyo ndiyo iliyonifanya niketi kuandika katika wiki yangu ya kwanza ya kustaafu, badala ya kupumzisha miguu kama nilivyoahidi nyumbani.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi watatu wa chumba cha maandalizi mnakisoma, na Mkurugenzi hakisomi. Kiingereza ninakijua. Nilikifundisha Machakos miaka ishirini na sita kabla ya kumfuata mume wangu huku Johannesburg, na wapo mawakili leo wanaosimama mahakamani kwa sarufi niliyowapigia kelele mimi. Ila mambo ya kopo nimeona yakae kwenye lugha ambayo hayatachapwa na kubandikwa ukutani.

Mwanzoni mwa 2015 nilipanda ngazi za ofisi yetu ya Randburg, juu ya duka la magodoro, nikitaka nami nipelekwe Korea. Kazi ya kampuni nilikuwa nimeielewa: inachukua vijana wa Afrika Kusini na kuwapeleka Korea, Taiwan na Vietnam kufundisha watoto Kiingereza kwa mwaka mmoja. Dada wa mapokezi aliisoma barua yangu, akaisifu, kisha akaomba pasipoti. Aliponirudishia alikuwa amepoa kidogo. Alinieleza kwamba Wakorea wana orodha ya nchi ambazo raia wake wanahesabiwa kuwa wamezaliwa na Kiingereza mdomoni, Afrika Kusini imo na Kenya haimo. Kwa kuwa barua yangu ilikuwa nzuri kuliko zote za wiki ile, wakaniajiri niwafundishe wale waliozaliwa nacho. Mwanafunzi wangu wa kwanza aliniuliza kitenzi ni kitu gani. Baada ya wiki tatu alipanda ndege kwenda kuwafundisha Wakorea, na nasikia wanampenda.

Aliyenionyesha kazi ni Thandeka, mama wa kutoka mtaa wa Alexandra aliyekuwa amekaa kwenye chumba kile tangu kampuni ianze. Alikuwa mnene, mpole, na alivaa miwani mbili kwa wakati mmoja, moja puani na nyingine kichwani, na akikwama alibadilisha. Siku ya kwanza hakunionyesha vitabu wala madarasa. Alinisimamisha mbele ya ukuta mrefu wa korido, uliofunikwa vipande vya karatasi kuanzia sakafuni hadi darini, na akaniambia kwamba mshahara wetu wote unatoka pale.

Ule ndio Ukuta wa Furaha, ninyi mmeukuta umepungua. Kila mwalimu aliyekuwa ng'ambo alitakiwa kutuma furaha ndogo tatu kila mwezi, yaani mambo matatu ya kila siku yaliyomchekesha au kumpendeza huko aliko. Ilikuwa ndani ya mkataba, kifungu kilekile cha bima na nauli. Malalamiko yalikuwa na fomu yake, na fomu ilikuwa na sanduku lake, na sanduku lilikuwa na kufuli. Miaka karibu mitano niliyokaa pale sikuwahi kumjua mwenye ufunguo.

Basi furaha zinakuja kwa barua pepe, Thandeka anazichapa, na mkasi unaingia kazini. Alinifundisha kwamba kila furaha ina kichwa na mkia. Kichwa ni pale mtu anapofurahi, mkia ni pale anapokumbuka mengine. Mtu anaandika kwamba mabafu ya umma yana maji ya moto kama chai na mabibi wanakusugua mgongo bila kukujua. Hapo panatosha, unakata. Asipokata mtu, sentensi inaendelea kwamba mabibi wale waliwaita majirani waje kumtazama rangi, na hakuna mwombaji atakayejaza karatasi baada ya kusoma hayo. Kichwa kinakwenda ukutani. Mkia, Thandeka hakuutupa. Aliandika jina la mwalimu nyuma kwa penseli na kuutia kwenye kopo la biskuti, na nilipomuuliza wa nini akaniambia kwamba karatasi ya mtu si yako kuitupa.

Nilikuja kuwa fundi mkubwa. Naona aibu sasa kusema, lakini nilijivuna. Nilikuwa naweza kuuona mkia kabla sijafika nusu ya mstari. Na hizo furaha nilizipenda kweli, msidhani nilikuwa natega watu na chambo nisichokila. Sijawahi kufika Asia, lakini mpaka leo naijua Asia kwa vitu vyake vidogo kuliko ninavyoijua mitaa ya Pretoria. Najua kwamba Taiwan lori la taka linapita likipiga muziki wa piano, watu wanatoka na mifuko yao kama wanaokwenda harusini. Najua kwamba Korea ukiagiza chakula nyumbani kinaletwa kwa pikipiki kwenye vyombo vya kweli, ukimaliza unaviacha nje ya mlango na yule mtu anarudi kuvichukua. Najua kwamba wapenzi wanavaa fulana za kufanana, kwamba kwenye meza ya hoteli kuna kitufe cha kumwita mhudumu, na kwamba sufuria ya umeme ya wali inaimba wimbo ikishaivisha. Nilikuwa nakata habari ya sufuria inayoimba siku ambayo Randburg nzima imekatiwa umeme, nikiwa nimesogeza kiti dirishani ili nione ninachokata.

Mkurugenzi wetu alikuwa amefika Seoul mara moja, siku nne. Alirudi na kitufe. Akakifunga kwenye meza yake, na kengele yake ikawekwa chumbani kwetu, ili akitaka chai asipaze sauti. Kwa hiyo furaha moja ndogo ya Asia tuliionja hata sisi wenye pasipoti zisizo na bahati.

Furaha iliyoleta waombaji wengi kuliko zote ilikuwa ya simu. Huko Korea, waliandika walimu watano au sita kwa nyakati tofauti, ukiingia mgahawani unaweka simu yako mezani kushika nafasi, kisha unakwenda kupanga foleni. Unarudi, simu ipo. Watu waliisoma hiyo midomo wazi. Kijana mmoja wa Alexandra, mwombaji, aliisoma mara mbili halafu akaja mezani kwetu kusema kwamba ukuta wetu unasema uongo, na kama hapo tumedanganya basi na habari ya nauli tumedanganya. Thandeka akamwapia kwa majina ya wakubwa wake wote waliofariki. Kijana akajaza karatasi, akasema anakwenda si kwa ajili ya mshahara, anakwenda kuiona hiyo simu.

Thandeka alistaafu mwishoni mwa 2016. Aliniachia mkasi, kopo na miwani moja.

Mwaka uliofuata ndipo akaja Grâce. Mama yake mlimwona hamkumjua, ni yule fundi wa nguo mwenye cherehani mbili kwenye ujia wa nyuma ya duka la magodoro. Alitoka Lubumbashi, Kongo, miaka mingi iliyopita, akamzaa Grâce hapahapa Johannesburg, na binti akapata uraia wa hapa. Grâce alikuwa msichana mkubwa wa umbo, mwenye kicheko cha kusikika hadi mapokezi. Mama anamsemesha Kiswahili cha kwao, yeye anajibu Kiingereza, na ndivyo walivyoishi kwa amani tangu alipojua kusema. Kwa pasipoti yake alikuwa mzaliwa wa Kiingereza, kwa hiyo nikamfundisha kwa wiki tatu, akaenda kwenye mji mdogo wa Korea, shule ndogo ya binafsi, katikati ya 2017.

Mama Grâce hakusoma Kiingereza. Tulikubaliana kwamba kila mwezi zikija furaha tatu za binti yake nitashuka mchana na kumsomea kwa Kiswahili, na yeye atanipunguzia pindo la sketi. Nilimsomea zile zilizo ukutani, yaani vichwa. Sikuona kosa. Mzazi anataka nini zaidi ya kusikia kwamba mtoto anafurahi? Grâce mwenyewe alimpigia simu Jumapili na kumwambia yuko sawa, na sauti ya simu ni ileile mtu akiwa mzima au amelala chini.

Barua za kwanza hazikuwa na mkia hata mmoja, nilishangaa. Ilikuwa nyenje wanaopiga kelele mitini, watoto waliomwita mwalimu simba kwa sababu ya nywele, bibi jirani aliyemletea kabichi yenye pilipili kwenye ndoo. Mama Grâce alicheka hadi akatoboa kidole na sindano. Baadaye vichwa vikaanza kuwa vifupi. Mlango wangu una namba badala ya ufunguo, na unaimba nikiingia. Mashine ya vinywaji ya stesheni inasema asante. Nilibandika, nikamsomea mama, mama akauliza kama mlango unaimba wimbo wa dini.

Aprili 2018 ilikuja furaha niliyoiona bora ya mwaka. Grâce aliandika kwamba kwenye maduka ya nguo ya huko kuna saizi moja tu kwa wanawake wote, hawaulizi wala hawapimi, na mwezi huu kwa mara ya kwanza ameingia kwenye gauni la dukani na limemwenea. Nilicheka peke yangu mezani. Nilimkumbuka alivyokuwa, nikawaza kwamba Wakorea hatimaye wameshona nguo ya watu. Nikakata, nikabandika usawa wa macho ya waombaji, na mchana nikashuka kumpelekea mama yake zawadi hiyo.

Alikuwa amefunga kitambaa cha mteja kwenye mwili wa mbao, pini mdomoni. Nilimsomea kwa mbwembwe zote. Hakucheka. Alitoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake, kisha akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Mwalimu," akasema, "ile nguo haiwezi kumwenea."

Nikamweleza tena, polepole, kwamba imemwenea, ndiyo furaha yenyewe. Akafungua daftari lake la vipimo. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa wa Grâce, kila mwaka na vipimo vyake, kuanzia akiwa na miaka minne. Cha mwisho alikipima wiki ya safari: kifua sentimita mia moja na kumi na mbili. Akachukua tepu akaifunga kwenye ule mwili wa mbao, mwembamba kama wanamitindo wa picha za dukani, akanionyesha namba. Zilipishana kwa zaidi ya sentimita ishirini.

"Hii nguo ya saizi moja njo ya mutu kama huyu," akasema, akiupiga ule mwili wa mbao begani. "Mutoto yangu akiingia humu, hiyo haina furaha. Hiyo ni ugonjwa. Minapima watu miaka makumi tatu, mwalimu. Weye unasoma maneno."

Nilipanda ngazi zile mbili mbili, mwanamke wa miaka hamsini na minane, nikapita mbele ya ukuta bila kuutazama, nikashusha kopo na kumwaga mikia yote mezani. Nilimtafuta Grâce kwa jina la penseli. Ilikuwepo sita. Nilikuwa nimeikata mwenyewe kwa mkono wangu, na kuandika jina lake nyuma kwa mwandiko wangu wa kialimu, na sikukumbuka hata mmoja, kwa kuwa sikuwahi kuusoma hadi mwisho. Sasa nikaisoma.

Mlango unaimba nikiingia, na ndiyo sauti ya mwisho ninayoisikia hadi Jumatatu. Mashine inasema asante, na wiki hii hakuna mwingine aliyesema. Sufuria ya wali inaimba, nami siku hizi ninaijibu. Mwalimu mwenzangu aliondoka tangu Januari, nafundisha madarasa yake na yangu. Tumbo halishiki kitu wiki ya tatu, mkuu wa shule anasema hospitali ni siku za likizo, na likizo ni Agosti. Na ule wa siku ileile, ambao wino wake ulikuwa haujapoa: gauni limenienea, tafadhali msimwambie mama.

Nililia pale mezani. Nasema wazi kwa sababu mtaambiwa mimi ni mgumu. Halafu kengele ya Mkurugenzi ikalia, alitaka chai.

Nilimpelekea chai pamoja na mikia sita. Aliisoma yote, sitamsingizia. Akasema inasikitisha, akanishauri nijaze fomu. Nikamkumbusha habari ya kufuli. Akasema huo ndio utaratibu, na tena wiki ijayo Jumamosi tuna mkutano wa waombaji kule Braamfontein, katikati ya jiji, picha ya Grâce ndiyo iko kwenye bango, na si wakati mzuri wa kuwatibua Wakorea. Akaongeza kwamba kwa maoni yake ile furaha ya gauni ni nzuri sana, je, inaweza kuandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Nikasema inaweza.

Kesho yake saa saba mchana nilishuka na simu yangu kwa Mama Grâce. Korea ilikuwa saa mbili za usiku. Tuliiegemeza simu kwenye vigurudumu vya nyuzi, tukapiga simu ya video, na Grâce akapokea akiwa amejifunga shali hadi kidevuni. Alitabasamu, akamsalimu mama yake, akanisalimu mimi, akasema kwa Kiingereza kwamba kila kitu kiko shwari, ana kazi nyingi tu, baridi haijaisha. Kiingereza kizuri, kisicho na kosa, nilichomfundisha mimi. Angeniambia hivyo peke yangu ningeridhika na kupanda ngazi.

Mama yake alikuwa amesimama na tepu shingoni kama anavyosimama mbele ya mteja yeyote.

"Toa ile kitambaa," akamwambia. "Simama. Geuka."

Grâce akasema mama, acha. Mama akarudia maneno yaleyale, hakupandisha sauti. Binti akainuka, shali ikaanguka, akageuka taratibu chini ya taa ya chumba kile chenye mlango unaoimba, na mabega yake yalikuwa yametokeza kama kitundikio cha nguo. Mama akamwambia anyooshe mkono, akanyoosha. Aweke kidole kwenye kiuno, akaweka. Alimpima hivyo kwa macho kutoka juu hadi chini, na midomo yake ilikuwa inahesabu kwa Kifaransa, kama mafundi wa kwao. Alipomaliza akaketi kwenye kiti cha cherehani. Hapo Grâce akafunika uso, na baada ya miaka yote ya kumjibu mama yake kwa Kiingereza akamjibu kwa lugha ya nyumbani.

"Mama," akasema, "nimechoka. Kuya unitwae."

Sasa ninyi vijana mtataka kusikia kwamba niligonga meza ya Mkurugenzi na kujiuzulu. Sikujiuzulu. Mtu hajiuzulu miezi kumi na minane kabla ya kustaafu, na tena Grâce angefaidika nini nikikaa nyumbani na heshima yangu? Nilifanya kazi niliyoajiriwa kuifanya. Jumamosi ile asubuhi nilifika Braamfontein kabla ya wote kutengeneza mabango ya Ukuta wa Furaha, tuliyoyabeba kutoka ofisini yakiwa yameviringishwa. Nilichukua gundi, nikachukua nakala ya mikia sita ya Grâce, na nikaubandika kila mkia chini ya kichwa chake, panapotakiwa. Sikuongeza neno langu hata moja. Gauni niliandika kwa herufi kubwa zaidi, kama nilivyoagizwa, na mkia wake kwa herufi za ukubwa huohuo.

Waombaji walikuja wengi, vijana wa chuo na wazazi wao. Walianza kusoma wakicheka, kama kawaida, wakianzia kwenye lori la taka. Walipofika kwa Grâce kicheko kikakatika, kisha watu wakaanza kuitana. Mkurugenzi alikuwa jukwaani akieleza utulivu wa mabasi ya Seoul. Mzee mmoja, baba wa msichana aliyekuwa tayari ameshika kalamu, aliinuka akauliza swali moja tu: huyu binti wa gauni ameshatolewa huko?

Mkurugenzi alitazama bango. Alinitazama mimi. Ukumbi ulikuwa umejaa, na kalamu zote zilikuwa zimesimama.

"Anarudi Ijumaa," akasema.

Alikuwa hajapanga lolote, hata simu alikuwa hajapiga. Lakini alikuwa amesema mbele ya wazazi mia na zaidi, na yule mzee aliandika neno Ijumaa kwenye karatasi yake na kulipigia mstari. Jumatatu nilikuta utaratibu umepata miguu. Yule mkuu wa shule aliyejua likizo ya Agosti tu akakumbuka kwamba na Aprili inawezekana. Ufunguo wa sanduku la fomu haukuhitajika. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya kampuni, mali yenyewe ikiwa ni bango. Ninayo, Kiingereza chake kina makosa mawili.

Ijumaa Mama Grâce alikwenda kumpokea uwanja wa ndege na gauni mkononi. Alikuwa amelishona kwa kipimo alichokisoma kwenye simu, na lilimkaa bila kasoro. Lakini kwenye mishono aliacha kitambaa kingi kimekunjwa kwa ndani, nafasi ya kulitanua. Grâce alipotibiwa tumbo na kuanza kula, mama alikuwa analifumua na kulitanua kidogo kila mwezi, na kuandika kipimo kipya kwenye daftari. Kufikia Desemba kitambaa cha akiba kilikuwa kimekwisha. Nadhani sijawahi kuona furaha ndogo ya kuizidi hiyo, na ukutani haimo.

Kuhusu ukuta, baada ya Braamfontein Mkurugenzi aliagiza upunguzwe, ndiyo maana mmekuta nafasi tupu. Jambo la ajabu ni kwamba waombaji hawakupungua. Walianza kuja na maswali: hospitali iko wapi, mwalimu mwenzangu ni nani, simu nampigia nani. Wale waliosoma mikia walikwenda wamejiandaa, na mpaka naondoka walikuwa hawajarudi wamekonda. Hilo muwe nalo. Kateni inapobidi, kwa sababu mshahara bado unatoka pale ukutani, lakini kwanza someni mkia mpaka mwisho, na zile barua zenye mkia mrefu mkimsomea mzazi, msomeeni zote.

Wiki iliyopita, siku mbili baada ya sherehe yangu ya kuagwa, Grâce alinialika chakula cha mchana kule Braamfontein, anakofundisha siku hizi, mtaa wa pili kutoka kituo cha mabasi ya jiji. Nilichelewa kidogo. Nikiwa bado mlangoni niliiona meza yake kabla sijamwona yeye. Ilikuwa meza ya pembeni, karibu na mlango wa barabarani, tupu kabisa, na katikati yake kulikuwa na simu, kioo juu, inang'aa. Grâce alikuwa kwenye foleni kaunta, ametupa mgongo, anacheka na mhudumu. Korea ilimtoa kilo nyingi na usingizi, lakini tabia hiyo ilimwachia.

Mtu mmoja aliyevaa kofia alikuwa ameshaiona pia. Alipita mara ya kwanza, akarudi. Sikufikiri. Nilisogea nikasimama kati yake na meza, nikaweka mkoba wangu mkubwa juu ya simu, nikainua uso na kuanza kusoma bei za vyakula zilizoandikwa juu ya kaunta, kwa sauti, kama bibi asiyeona vizuri. Nilisoma hadi kwenye saladi. Yule bwana akanisubiri nimalize, akaona sina dalili ya kumaliza, akatoka akaenda zake. Nikauondoa mkoba, nikarudi mlangoni, na Grâce alipogeuka na sinia nilikuwa ndiyo kwanza naingia, nikihema na kuomba radhi kwa kuchelewa.

Aliweka sinia, akaichukua simu yake, akanionyesha kama mtoto aliyepata maksi zote.

"Unaona, Mwalimu?" akasema, kwa Kiswahili, cha kwao. "Nimeiacha hapa dakika kumi, hakuna mutu ameigusa. Hata hapa Joburg inawezekana. Weka ile ukutani."

Nikamwambia nitaiweka. Tukala, akanimalizia na chakula changu. Mkia wa furaha hiyo, wenye kofia, niliukata palepale mlangoni, na ndio pekee ambao hamtaukuta kwenye kopo.